Chalambe Chini ya Kitanda

Jumapili, 10 Februari 1974

Daftari hili lenye jalada gumu nimepewa na Mwalimu Mkuu, Bwana Samweli. Lilibaki kwenye vifaa vya elimu ya watu wazima, na mende wamekula pembe zake. Alisema niandikie maandalio ya masomo. Maandalio nitayaandika kwingine. Mume wangu Stefano yuko Mikumi na genge lake la reli hadi mwisho wa mwezi, na nina jambo ambalo hapa siwezi kumwambia mtu mwingine.

Jana Mwenyekiti wa kijiji, Mwinshehe, alitangaza kwamba watu wa Chalambe watahamia hapa Tupendane, kuzunguka shule, kabla masika hayajaanza. Zile nyumba saba, nusu saa kwa miguu kutoka hapa, zitavunjwa. Viwanja vimekwisha kupimwa kwa kamba, mstari mmoja ulionyooka. Watu walipiga makofi machache, kisha wakaanza kuulizana habari za miti ya nguzo.

Jambo lenyewe ni hili. Chalambe ninayo. Iko chini ya kitanda changu, juu ya ubao uliokuwa mlango. Nyumba sita zimekwisha, kila moja kimo cha kikombe cha chai, za udongo na fito, na vinu, na vichanja vya vyombo. Imebaki ya Kondo na mkewe Gaudiosa.

Jumatano, 13 Februari

Mvua hakuna. Joto. Nimesahihisha madaftari hadi macho yakauma.

Mtu akiniuliza nilianza lini, nitamjibu: darasa la tatu, shule ya misheni kule kwetu milimani. Palikuwa na kabati moja la vitabu, na ndani yake kitabu kilichopoteza jalada, chenye picha ya nyumba ndogo inayofunguka mbele kama kabati lenyewe. Walikaa humo watu wa mbao, urefu wa kidole. Walikuwa na ngazi ndani ya nyumba. Mimi sikuwahi kuona ngazi ndani ya nyumba, nikadhani ni ya kupandia darini kushusha mahindi. Walikuwa na sahani ndogo kama punje ya choroko, na taa, na kitanda chenye shuka iliyokunjwa pembeni. Hadithi nimeisahau. Ninachokumbuka ni kwamba kila mmoja alikuwa na mahali pake. Nilikisoma mpaka kurasa zikaachana.

Baba yangu, Yohana, alikuwa katekista. Aliponikuta najenga nyumba kwa mabua alicheka: "Wenzako wanashindwa kujenga kubwa, wewe unahangaika na ndogo." Kesho yake aliniletea sanduku la mbao, lile la madebe ya mafuta ya taa. Sikumwomba.

Tangu hapo sijaacha. Chuoni, kazini, kwenye ndoa. Nina miaka arobaini na moja. Mungu hakunipa mtoto, na najua watu watakavyosema wakimwona mwanamke mzima asiye na mtoto anasuka mkeka wa upana wa kidole gumba. Kwa hiyo kila ninapofanya kazi hiyo, napiga komeo kwanza.

Jumamosi, 16 Februari

Nilikwenda Chalambe kuitazama mara ya mwisho ikiwa imesimama. Nilipima nyumba ya Kondo kwa hatua, nikijifanya napunga upepo. Ghala lake limeinamia upande wa kaskazini kama mzee anayesikiliza jambo.

Niliomba kila nyumba kipande cha kitambaa kilichochakaa na nyasi kidogo za paa. Nilisema ni kazi ya mikono ya wanafunzi.

Gaudiosa alicheka. "Mwalimu, unaomba matambara kama panya anayejenga kiota." Ni mwanamke mkarimu, mwenye sauti kubwa, na tangu nifike huku amekuwa rafiki yangu wa karibu. Alirarua pindo la gauni la zamani la binti yake, Sesilia, la maua mekundu. "Chukua. Atakua tu, halitamwenea tena."

Bibi Sikuzani, mfinyanzi, ambaye macho yake yamefifia, aliniuliza: "Na udongo hutaki?" Akanipa tonge la udongo aliokwisha kuukanda. "Huu haupasuki," alisema. Aliukandamiza kiganjani mwangu, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili, bila kuuliza ni wa nini.

Jumatatu, 25 Februari

Wamevunja. Nilisikia kutoka darasani: kwanza shoka, kisha ule mlio wa paa linapokaa chini, kama mtu anayeshusha pumzi. Watoto wa Chalambe waliokuwa darasani waliinamisha vichwa. Niliendelea na hesabu za kugawanya.

Jioni niliwaona wakipita na mizigo. Mwinshehe alisimama njiani na orodha yake, anaita majina, sura kama mlango uliofungwa. Bibi Sikuzani alibebwa mgongoni na mjukuu wake huku ameshika chungu kimoja. Nilimchukia Mwinshehe, naandika hivyo bila kuficha. Nilisema moyoni, huyu ni mtu wa kutekeleza amri, hana pa kuumia.

Jumamosi, 2 Machi

Stefano amekuja. Ameniletea vijiti vya kiberiti, karatasi za fedha za sigara, na kipande cha waya wa shaba chembamba kuliko uzi. Ananijua.

Nilimwonyesha nyumba ya Kondo iliyokamilika. Aliinama, akaitazama kwa jicho moja, jinsi anavyotazama reli kama imenyooka.

"Ghala limepinda."

"Ndivyo lilivyokuwa."

"Basi sawa." Kisha akasema, "Wameshaona wenyewe?"

"Nani?"

"Wenye nyumba."

Nikasema bado. Akasema, "Hm," na kwa Stefano hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 7 Machi

Mawingu ya uongo. Nimetengeneza kuku watatu wa nta.

Jumanne, 12 Machi

Umeletwa unga wa msaada, ule wa manjano ambao watu wameupa jina la yanga kwa rangi yake. Watoto wanasema unanuka gunia. Wanakula.

Jumapili, 17 Machi

Nimefanya jambo ambalo sijalifanya maishani. Sesilia alikuja kuchukua ungo wa mama yake, nilioazima kwa siku moja ukakaa wiki. Ana miaka sita, hajaanza shule. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, unajua nyumba yetu imekufa?"

Nilimshika mkono, nikauvuta ubao kutoka chini ya kitanda.

Alichuchumaa. Kisha akanyoosha kidole, bila kugusa: "Hapa kwa Bibi Sikuzani. Hapa kwa mama yake Mwenyekiti. Hapa kwetu." Nikampa ashike mwanasesere mdogo mwenye gauni la maua mekundu, niliyemsimamisha karibu na kinu. "Huyu mimi!" alipiga kelele. Alicheka mpaka akakaa chini.

Miaka yote hii nimejenga kwa ajili ya macho yangu. Kumbe kuna furaha nyingine, ya kumtazama mtu anayetazama. Leo nimeimba nikiosha vyombo.

Jumatano, 20 Machi

Furaha imekatika. Sesilia alikwenda nyumbani akasema: "Kule kwa mwalimu tupo sote, wadogo, chini ya kitanda."

Alisema hivyohivyo. Nimesikia kutoka kwa Mwalimu Mkuu, aliyesikia kwa mkewe, aliyesikia kisimani. "Wewe una nini chini ya kitanda?" aliniuliza kwa sauti ya chini. Nikamwambia ni vinyago vya kufundishia. "Basi vifiche vizuri," alisema. "Watu wana majonzi sasa, na mwenye majonzi hutafuta mtu."

Jumamosi, 23 Machi

Mvua bado. Mbegu zimo ardhini, kunguru wanazifukua.

Nilipofika kisimani wanawake walisogea kunipisha kabla sijaomba. Gaudiosa alikuwepo. Nilimwamkia, akaitikia akitazama ndoo yake. Nyuma yangu mmoja alisema, si kwa kunong'ona: "Alitupima kwanza, ndipo tukavunjiwa." Mwingine: "Na mvua je, nayo kaipima?"

Stefano ameandika kwamba wiki ijayo genge lao litafyeka kipande cha reli cha upande wetu. Afadhali.

Jumanne, 26 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Katika kipindi cha pili Kondo alikatisha uwanja wa shule akikimbia, anakwenda kwa Mwenyekiti. Nilijua tu ni mtoto. Niliwaachia wanafunzi kazi nikakimbilia kwake. Ndani palijaa moshi: walikuwa wanamfukiza Sesilia kwa kinyesi cha tembo kilicholetwa kutoka Mikumi, dawa ya degedege wanayoiamini wengi hapa. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka, mwili unawaka moto.

"Ni malaria hiyo imepanda," nilisema. "Apelekwe Kilosa hospitali sasa hivi."

Gaudiosa aliinua uso. Sikuwahi kuuona uso ule. "Usimguse! Umemchukulia gauni, umemweka chini ya kitanda chako, sasa unataka nini tena? Wawili nimezika Chalambe, na nimewaacha kule peke yao. Huyu hunipati!"

Nilisimama katika moshi, maana gauni kweli nilikuwa nimelichukua.

Mwinshehe alifika. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. "Mwalimu, kwenda Kilosa kwa miguu na mtoto huyu tutafika na maiti. Kuna gari?"

"Kuna kiberenge," nilisema. "Genge la mume wangu liko relini."

"Kimbia."

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa msichana. Viatu niliviacha kwenye mtama wa mtu. Niliwakuta wanafyeka, nikamwita Stefano kwa jina lake mbele ya wanaume wote. Nyapara alisita, kiberenge hakichukui raia bila ruhusa ya stesheni. Stefano alikwisha kuanza kushusha majembe. "Ruhusa nitaieleza mimi," alisema.

Tulipokifikisha kwenye kivuko, Mwinshehe alikuwa anakuja na njia, mzee wa miaka sitini, mtoto mikononi, kofia imeanguka, anakimbia. Gaudiosa nyuma yake. Nilitaka kupanda nimshike mtoto. Gaudiosa akasema, "Huyu asipande."

Nikarudi nyuma. Stefano alinitazama, nikamwashiria aende. Kiberenge kikapotea kwenye kona, sauti ikabaki kwenye reli kwa muda. Mimi nilibaki pale peku, na Mwinshehe kando yangu akihema, ameinama, mikono magotini. Alipopata pumzi alisema, "Twende, Mwalimu. Wanafunzi wako hawana mtu."

Ijumaa, 29 Machi

Sesilia amepona! Wamerudi leo na lori la pamba. Amekonda, lakini anaomba muwa. Nililia jikoni.

Nilipeleka bakuli la unga wa mchele kwa ajili ya uji. Bakuli limerudishwa mlangoni pangu na unga wote, limefunikwa vilevile.

Sasa jambo limegeuka kuwa baya zaidi. Mtoto angekufa wangesema nimemuua. Amepona, wanasema nimemwachia. Aliyefunga ndiye awezaye kufungua. Watoto wanne hawakuja darasani kwangu leo.

Jumatatu, 1 Aprili

Kumi na moja hawakuja.

Baada ya shule Mwinshehe alipiga hodi. "Shikamoo, Mwenyekiti," nilisema.

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja peke yangu. Ningekuja na watu ungekuwa msako." Hakukaa. "Nionyeshe."

Nikauvuta ubao. Nilitegemea atauliza maswali ya chama. Alipiga magoti taratibu, kama msikitini, akaegemeza mikono sakafuni. Hakutazama nyumba nyingine. Alitazama ile ya mwisho upande wa mto.

"Hii ya mama yangu."

"Ndiyo."

"Niliivunja mimi. Alfajiri, kabla hamjasikia shoka. Nilisema wasije wakasema Mwenyekiti anavunja za watu na ya mamaye anaiacha." Alisogeza uso karibu na ubao. "Nimezaliwa humu. Mafiga yalikuwa hivihivi, moja fupi. Mama alikuwa analiwekea kigae chini yake. Wewe ulijuaje?"

"Niliona siku aliponipikia maboga."

Aliondoa kofia yake, akaiweka juu ya goti. Machozi yalimtoka bila kelele, na mimi niliyeandika humu kwamba hana pa kuumia nilitazama ukutani kwa aibu.

Aliposimama alikuwa Mwenyekiti tena. "Mwalimu, kitu kilichofichwa mwenyewe hawezi kukitetea. Jumamosi nina mkutano. Kitoe."

"Wakikivunja?"

"Watavunja udongo. Ukiendelea kukificha watakuvunja wewe."

Jumamosi, 6 Aprili

Tuliubeba ubao mimi na Stefano, yeye mbele mimi nyuma, saa nne asubuhi, katikati ya kijiji, bila kuufunika. Nyumba zilitikisika. Kuku mmoja wa nta alianguka, Stefano akasimama, akamwokota, akamrudisha mahali pake. Watu walitufuata kwa mbali.

Tuliuweka juu ya madawati mawili katika darasa la nne. Mwinshehe alisema maneno machache tu: "Ndugu wananchi, mmesema kuna kitu. Kitu hiki hapa, mchana, mlango uko wazi. Aliyekitengeneza yuko hapa. Ulizeni."

Hakuna aliyeuliza. Walijipanga ukutani, wengine madirishani. Nikaona nisiposema mimi tutakaa hivyo mpaka jioni. Nikawaambia habari ya kitabu kisicho na jalada. Nikawaambia kwamba tangu utoto ninapopenda mahali nataka kupashika, na sijui njia nyingine ya kupashika ila hii. Nikasema, "Niliwaomba vitambaa nikasema ni vya wanafunzi. Nilidanganya. Niliona aibu, mtu mzima kuchezea wanasesere. Mngejua ni vya nini mngenipa au mngeninyima, lakini ingekuwa hiari yenu. Kosa hilo ni langu. Jingine silijui."

Nje mbuzi alilia.

Bibi Sikuzani alisema, "Nipelekeni." Mjukuu wake alimwongoza. Hakuona kitu, lakini vidole vyake vilianza kutembea: ukuta, paa, kizingiti. Alizipita nyumba mbili, ya tatu akaishika.

"Hapa pana kosa," alisema.

Nilisogea karibu na dawati.

"Mlango wangu haukutazama kwa Kondo. Nitazame kwa Kondo nione nini? Ulitazama mtoni." Akageuza uso wake upande niliokuwepo. "Na vyungu vyangu umevitia mashavu mapana kama vya sokoni. Mimi sijafinyanga chungu cha namna hii hata siku moja."

Mtu mmoja alicheka dirishani. Kisha wawili. Kondo alisogea, akiwa bado na uso mgumu. Alitazama nyumba yake, akainama, akainuka. "Hata ghala!" alisema. "Hata ghala lilivyoinama! Nilisema nitalinyoosha baada ya mavuno, miaka minne!" Sasa wakaja wote kwa pamoja, wakisukumana, na makosa yangu yakaanza kumiminika: mti wa mpera ulikuwa huku, si kule, banda la bata liko wapi, nani kaniambia uzio huu ulikuwa mzima, mbwa wa fulani alikuwa na mkia uliokatika. Mwanamke aliyesema kisimani kwamba nimeipima mvua aliniambia kwa ukali kwamba kichanja chake kilikuwa na ngazi mbili za vyombo, si moja, asionekane maskini.

Gaudiosa peke yake hakucheka. Aliwangoja wapungue, akaja na Sesilia mgongoni. Alimchukua mwanasesere wa gauni jekundu, akamweka kiganjani.

"Kwa nini ulimshonea hasa lile gauni?"

"Kwa kuwa nilimpenda akiwa nalo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia. Nisamehe, mama Sesilia."

Hakusema amenisamehe. Alimfunga mwanasesere kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akatoka. Nilimwacha aende naye. Ni haki yake.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua! Imeanza saa saba mchana, na mpaka sasa haijachoka. Watoto wote walikuwepo darasani, hatukusikilizana kwa kelele za bati, nikawaruhusu wanyamaze tu waisikilize.

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka. Tulisali watu tisa. Matope mpaka magotini.

Jumapili, 5 Mei

Mvua kila siku. Mahindi yamefika kiunoni na yamekoza rangi.

Ubao umebaki darasa la nne, Bwana Samweli ameniruhusu. Anasema somo la siasa halijawahi kupata wasikilizaji wengi hivyo. Watu wa elimu ya watu wazima wanakuja mapema ili wasahihishe nyumba kabla ya kusahihishwa wao. Nimegeuza mlango wa Bibi Sikuzani. Vyungu amevifinyanga mwenyewe upya, kwa kupapasa, vya ukubwa wa punje ya harage, na kila kimoja kina ukingo wake. Nimemwambia mikono yake inanipita kwa mbali. "Yako imesoma," alisema. "Yangu imekaa na udongo."

Mwinshehe hupita jioni akielekea kwake. Husimama dirishani, hasemi kitu, huendelea. Leo alileta kipande cha kigae kidogo kama ukucha, akanipa. Nilikiweka chini ya figa lile fupi.

Gaudiosa tunaamkiana. Basi. Sesilia namwona akicheza barazani kwao na mwanasesere wake, amemfanyia kitanda kwa ganda la mgomba. Wakati mwingine mama mtu hukaa naye, wanamvisha jani.

Jumatano, 29 Mei

Jua siku nzima. Nguo zimekauka.

Jumamosi, 15 Juni

Gaudiosa alikuja darasani nilipokuwa nafagia. Alisimama upande wa pili wa ubao, mikono nyuma.

"Nimekuwa nakuja hapa usipokuwepo," alisema. "Kila mmoja ameleta kosa lake. Mimi la kwangu nimekaa nalo."

"Liseme."

"Umeweka nyumba, ghala, kinu, kuku. Wanangu wawili hukuwaweka."

Nilitazama nyuma ya nyumba yake ndogo. Pale niliweka nyasi tupu. Nilipita pale mara ngapi, nikihesabu hatua, na sikuyaona makaburi kwa kuwa yalikuwa chini na mimi nilikuwa natafuta vitu vilivyosimama.

"Sikujua mahali," nilisema.

"Kesho baada ya sala zako nitakuonyesha."

Jumapili, 16 Juni

Tulikwenda wawili, na jembe moja. Njia imefunikwa, ilibidi tufyeke. Chalambe sasa ni magugu yaliyotuzidi urefu, na maboga yaliyojiotea juu ya vifusi, makubwa, bila mtu wa kuyala. Nilidhani nitalia. Gaudiosa hakusimama. Alipita penye mlango wake kana kwamba mlango bado upo, akahesabu kwa sauti ya chini, akageuka kushoto, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono. Nikapiga magoti nikang'oa naye.

Yalikuwepo. Vilima viwili vifupi, vimezungushiwa mawe ya mtoni.

"Huyu Onesphory," alisema. "Siku tisa. Huyu alikuwa na jina la ubatizo Costancia, lakini sisi tulimwita Mdogo. Alikuwa ameanza kukaa." Alifuta jiwe kwa kanga. "Siku ya kuhama nilitaka kumwambia Mwenyekiti anipe saa moja tu. Nikaona wanaume wanapakia, nikanyamaza. Halafu mtoto akaugua, nikasema wale wawili wamekasirika nimewaacha. Hiyo sikuweza kuisema, Mwalimu. Ilikuwa rahisi kusema wewe."

Nilimshika bega. Aliniachia nimshike. Tulikaa pale mpaka jua likatugeukia, tukizungumza habari za Mdogo, alivyopenda kuvuta masikio ya watu. Mimi nilimweleza ya kwangu, mimba tatu zisizofika, jambo ambalo hapa analijua Stefano peke yake. Alinisikiliza bila kunipa pole, na nilishukuru kwa hilo.

Tulirudi na maboga manne vichwani.

Jumamosi, 22 Juni

Gaudiosa ametengeneza makaburi mwenyewe, kwa udongo wa Bibi Sikuzani. Alikataa wembe wangu, alitumia ukucha. Mawe aliyachagua mchangani, punje kwa punje. Kisha akajaribu kuandika majina kwa mwiba juu ya vijibao vya kiberiti. Ana miezi minne tu katika darasa la kusoma. Onesphory lilimshinda nafasi, akaandika ONES, akasema inatosha, ndivyo angeitwa na wenzake. MDOGO liliingia lote.

Alirudi nyuma, akautazama ubao mzima.

"Sasa hii imekwisha," alisema. "Chukua ubao mwingine. Tuanze na huku."

"Huku Tupendane?"

"Kwani tunaishi wapi? Nyumba zenyewe za mstari, rahisi." Alikwisha kukunja mikono ya blauzi.

Nikamwuliza tuanze na ya nani, ya kwake?

"Ya kwako," alisema. "Umejenga za watu wote, wewe mwenyewe huna hata mlango. Mtu akiukuta ubao huu miaka ijayo atajuaje kama ulikuwepo?"

Nilicheka, nikasema nyumba yangu ni ya shule, vyumba viwili na bati, haina kitu. Akasema hiyo ataamua yeye. Ninaandika haya haraka, nimesimama mlangoni pangu, maana amekwisha kunitangulia ndani na kamba ya kupimia. Ameshika ncha moja ukutani, ananiita nikashike ile nyingine.